Hula si chakula: Jumamosi nane za ngoma ya Hawaii hapa Kampala

Nilipomwambia mume wangu kwamba Jumamosi asubuhi naenda hula, aliniuliza, "Hula nini?" Nikasema hula, basi. Akaweka kikombe chini. "Mtu hula wali, hula muhogo. Wewe hula nini huko Ntinda ambacho hapa hakipo?" Ikabidi nimweleze kuwa ni ngoma ya visiwa vya Hawaii, kule Obama alikozaliwa, na kwamba pesa niliyolipa si ya chakula, ni ya kucheza. Hapo ndipo alipokasirika kidogo.

Naandika haya kwa sababu tangu picha zetu zianze kuzunguka WhatsApp napigiwa simu na watu wanaouliza kama darasa lina maana au ni mchezo wa wake za mabalozi. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, na Kampala nimekaa tangu 1998. Nina vyerehani vitatu Old Kampala, chini ya kilima cha ule msikiti mkubwa. Ngoma sikwenda kujifunza. Nilikwenda kupima viuno vya watu niwashonee sketi, nikabaki.

Mambo ya pesa kwanza, tuyamalize. Jumamosi nane ni shilingi 280,000 zote pamoja, au 40,000 ukilipa siku kwa siku. Wanawake peke yao ni saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu asubuhi. Mchana ni mchanganyiko, maana hula ni ya wanaume pia, asikudanganye mtu. Ukulele, kigitaa chao kidogo, unaazimwa pale pale bila malipo, na nitaeleza baadaye kwa nini hiyo ndiyo bei inayoufaa. Sketi unajigharamia. Ukumbi ni wa kukodi, si mbali na Ndere, kile kituo cha ngoma za asili, kwa hiyo mwambie mtu wa boda akupeleke Ndere, kisha piga simu uelekezwe.

Mwalimu tunamwita Anti. Hapa Kampala kila mwanamke aliyekuzidi miaka kumi ni anti, lakini kumbe hata kwao ndivyo wanavyowaita watu wazima, awe ndugu au asiwe. Alizaliwa Hilo, kwenye kile kisiwa kikubwa chenye volkeno, akaishi California miaka mingi, na sasa mumewe ana kazi hapa. Siku ya kwanza, kabla hatujamuuliza, alituambia yeye si kumu hula, yaani si mwalimu mwenye daraja kamili. Kumu wake amempa ruhusa ya kufundisha nyimbo kadhaa za watu wanaoanza, na zaidi ya hizo hafundishi. Mwenzetu mmoja akamwomba ngoma fulani aliyoiona YouTube. Anti akamjibu kwamba hiyo si yake kuitoa. Mimi nikampa maksi hapo hapo. Mjini kwetu ukimwonyesha fundi picha yoyote, hata ya ndege inayoruka, anakwambia "inawezekana, nnyabo".

Siku hiyo tulifika kumi na wawili, tukakuta mlango wazi, Anti kaketi ndani na kibuyu chake cha kupigia mdundo, tukaingia kama tunavyoingia benki. Akatutoa nje wote. Alikuwa anacheka, lakini alitutoa. Akaja mlangoni akatueleza kuwa kwao wanafunzi hawaingii hivi hivi. Wanasimama nje, wanaimba wimbo wa kuomba ruhusa, na aliye ndani hujibu kwa wimbo wake. Asipojibu, wanaimba tena.

"Ni hodi," nikamnong'oneza mama mmoja wa Bukavu aliyesimama kando yangu.

"Hodi ya kuimba," akasema. "Kwetu tungechelewa kula."

Anti akataka kujua tunasema nini. Kwa Kiingereza changu cha dukani nikamweleza kwamba kwetu pwani hodi hupigwa mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka hata kama umesikia sufuria zikigongana ndani. Neno lile alilipenda. Tangu siku hiyo, kabla ya ule wimbo, husema "haya, hodi", na sote tunajipanga. Wimbo wenyewe ni mistari michache tu, lakini ulitukalisha mlangoni Jumamosi mbili, tumesimama kwenye kokoto, askari wa jengo la jirani wanatutazama kama watu waliofungiwa nyumba kwa kodi. Binti mmoja wa Makerere alisema yeye amelipia kiuno, hakulipia mlango, na wiki ya tatu hakurudi. Kama nawe unataka kiuno upesi, usiende. Mimi ule mlango siuhesabu kasoro. Ndio ulionifanya nilipe.

Kwa Mswahili kuna raha moja ambayo haimo kwenye tangazo, nayo ni lugha. Irabu zao ni tano, zinatamkwa kama zetu, na kila silabi inaishia kwenye irabu. Konsonanti ni nane tu, ukihesabu na ʻokina, kile kikwazo cha koo ambacho aliyesoma Qurani anakijua kwa jina la hamza. Wazungu wawili waliokuwemo walitoka jasho. Waganda, Wakongo na mimi tulisoma karatasi kama tunasoma gazeti, ila hatukuelewa neno.

Na afadhali tusingeelewa kabisa, maana taabu ilianza tulipodhani tunaelewa. Pua kwao ni ua. Nani ni zuri. Ua zuri, basi, ni pua nani, na wimbo wetu wa kwanza ulijaa maua. Ishara yake unakusanya vidole vitano ncha kwa ncha, kama unachota chumvi, kisha unavifungua polepole. Anti akiimba pua, sisi wa Kiswahili mkono unakwenda usoni. Wiki mbili nzima! "Pua ya nani?" mama wa Bukavu ananiuliza chini kwa chini, nami napasuka kicheko katikati ya wimbo wa watu. Kuna hatua inaitwa hela: unatoa mguu mmoja mbele kwa pembeni huku goti la pili limekunjwa, unaurudisha, unatoa wa pili. Anti anaita "hela kulia, hela kushoto", nasi tunaitikia "hamna". Na kile kiuno chenyewe, ule mzunguko wa nyonga, kinaitwa ʻami. Kwetu Mombasa ami ni ndugu wa baba. Nikamwambia Anti mimi ami wangu siwezi kumzungusha, ni marehemu na ana heshima zake. Alicheka mpaka akaketi.

Kiuno nakijua. Nimekulia kwenye chakacha, leso imefungwa nyongani, ngoma inaita na mwili unajibu. Bakisimba ya Waganda nimeitazama Ndere mara nyingi, ile miguu midogo midogo chini na nyonga zinatetemeka juu yake, engalabi, ile ngoma ndefu, inapasua hewa. Nilidhani hula itakuwa ndugu yao wa tumbo moja. Siyo. Magoti yamekunjwa muda wote, mabega hayatikisiki, kichwa kinakwenda kwenye mstari mmoja kama umebeba ndoo ya maji. Nyonga zinatembea kwa sababu miguu inatembea. Ukiziamuru, Anti anakuona. Mikono ndiyo inayosema. Hili wimbi, huu upepo, hii mvua, huyu mpenzi aliye mbali. Wiki ya nne nilipeleka mikono ya mvua juu badala ya kuishusha. Akasimamisha kibuyu. "Hajati," akaniuliza taratibu, "mvua ya huku inapanda?"

Nina miaka 54. Goti la kushoto liliniuma mpaka wiki ya tano, na ninaona Anti angeweza kututengea dakika kumi za kunyoosha miguu kabla ya kuanza. Nimemwambia. Alisema atafikiria, na nadhani hatafikiria.

Kasoro kubwa ni ukumbi. Siutaji, lakini wenye nao walitupangisha Jumamosi mbili kwa pamoja na watu waliokuwa wakifanya mazoezi ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba, wazungumzaji wawili wenye vipaza sauti wakigombania bibi harusi upande ule, sisi na mawimbi yetu upande huu. Paa ni la mabati. Wiki ya sita ilinyesha ile mvua ya Kampala ya kumwaga, umeme ukakatika, ukulele zote zikapotea, hatusikii hata sauti ya jirani. Kitu kimoja tu kilipenya: kile kibuyu. Wanakiita ipu heke, ni vibuyu viwili vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine, kikubwa chini. Unakipiga chini kwenye mkeka kitoe "dum", unakigonga ubavuni kwa vidole kitoe "te". Tulicheza nusu saa gizani kwa dum na te. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote, na mwenye ukumbi alidai pesa yake kamili ya umeme.

Ukulele sasa. Sehemu hii ukiikosa hujakosa kitu. Kile chombo kina hadithi nzuri: mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilishusha Honolulu Wareno wa kisiwa cha Madeira waliokuja kufanya kazi ya miwa, wamebeba vigitaa vyao vidogo, na maseremala waliokuwamo wakaanza kuvitengeneza huko huko. Jina wengi hulieleza kuwa ni kiroboto anayeruka. Nyuzi ni nne, na ile ya juu kabisa karibu na kidevu chako si nene kama ya gitaa, ni nyembamba yenye sauti ya juu, ndiyo maana inachekacheka ukiipiga. Haya yote niliyapenda. Lakini za darasani ni za plastiki, nyuzi mpya za nailoni zinanyooka kila dakika, na kati ya nusu saa ya somo dakika ishirini Anti anazunguka kuzikaza. Wiki nane zimekwisha najua kodi tatu za muziki, na ya tatu inategemea hali ya hewa.

Kuhusu sketi niacheni nikae kidogo, ni kazi yangu. Oda ilikuja ya pāʻū kumi na mbili. Nikaandika kwenye daftari "pau 12". Msichana wangu wa dukani akauliza kama siku hizi tunaezeka nyumba. Anti naye alipoliona daftari akasema ukiondoa ile ʻokina na kufupisha irabu, kwao pau ni "imekwisha". Yaani sketi zimekwisha na kitambaa hakijanunuliwa.

Ukiitazama ni sketi ya mtoto wa darasa la ushonaji. Hakuna kukata duara wala marinda. Kitambaa kinakwenda moja kwa moja, karibu mita nne kwa mtu mzima, unaunganisha ncha, pindo chini, na juu unapiga vifereji vinne vya lastiki, kimoja chini ya kingine, mpaka mita zote nne zijikusanye kiunoni. Ukitia lastiki moja sketi inalegea kama gunia. Zikiwa nne, kitambaa kinasimama nje ya nyonga, na hatua ndogo ya mguu inaonekana kubwa. Aliyeshona gomesi, lile vazi la akina mama wa Kiganda, ataelewa, ni ujanja ule ule wa kikoyi kinachofungwa ndani ili nyonga zijae. Nilianza na satini niliyonunua Kiyembe, kwa tamaa ya kung'aa. Ikateleza chini ya sindano, lastiki zikajipinda ndani ya vifereji, nikafumua sketi mbili mpaka saa sita usiku. Pamba ndiyo inayofaa. Kitenge cha yadi sita kinatoa sketi na kipande cha blauzi juu yake. Ufundi wangu ni 45,000. Kuna wanaosema ni ghali. Ni lastiki nne, dada zangu.

Siku ya kujaribisha nilimuuliza Anti kwa nini hatuvai yale majani tunayoyaona kwenye picha. Akasema zile sketi za nyasi kavu zililetwa na vibarua wa visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni Kiribati, mwishoni mwa karne ya 19, watalii wakazipenda, zikabaki. Mabibi zake walivaa kapa. Akatoa kwenye mkoba kipande kisichozidi bahasha, cheupe kilichoiva, laini, na ndani yake vistari vidogo vidogo kama alama unazoziona ukiinua noti kwenye mwanga. Ni gome la mti lililopondwa.

Kabla sijafungua mdomo, dada mmoja wa Masaka akasema, "Anti, huo ni olubugo!"

Jumamosi iliyofuata akalileta, shuka zima la rangi ya tofali, lililobaki kwenye mazishi ya babu yake. Akalitandaza sakafuni, na kwa nusu saa hakuna aliyecheza. Wanawake kumi na mmoja tumepiga magoti, tunasugua vitambaa viwili kwa vidole, mimi nikitafuta uzi kwa mazoea na uzi haupo. Dada wa Masaka akatueleza: mutuba unavuliwa gome, shina linafungwa majani ya mgomba lisikauke, gome linaota tena, mwakani unavua tena. Gome linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, zinaitwa ensaamu, unaanza na mifereji mipana unamalizia na myembamba. Anti naye akasema kwao mti ni wauke, unakatwa wote na kuchipua upya kutoka mizizini, na nyundo zao pia zina mifereji; ndiyo iliyoacha vile vistari.

Olubugo mpaka leo linapondwa, hata UNESCO walilitambua mwaka 2005. Kapa yao iliachwa vitambaa vya viwandani vilipoingia, ikakaribia kupotea kabisa, mpaka miaka ya 1970 watu wachache walipoanza kujifunza upya.

"Kujifunza kwa nani, kama walioijua walikwisha kufa?" dada wa Masaka akauliza.

"Kwa kutazama vipande vilivyoko makumbusho," Anti akasema. "Na kwa kuharibu magome mengi."

Dada wa Masaka akakaa kimya, kisha akaniomba mkasi. Nikamkatia ukanda wa urefu wa mkono. Olubugo halikatwi kama pamba, halina mshipa wa kufuata, mkasi unakwenda unakotaka, na mkono wangu ulitetemeka kama wa mwanafunzi. Akampa Anti. Anti siku hizi huufunga kiunoni juu ya sketi yake.

Historia yao tuliipata kwa mafungu, tukipumzisha magoti. Wamisionari walifika 1820. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa ameingia dini mpya, akapiga marufuku hula hadharani. Mfalme Kalākaua akairudisha waziwazi kwenye sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883, na ndiye anayekumbukwa kila mwaka kwenye tamasha la Hilo, ambako mashindano ya hula yalianza 1971. Aliyemrithi ni dada yake, Liliʻuokalani, ambaye alikuwa pia mtunzi wa nyimbo. Alipinduliwa mwaka 1893, na 1896 sheria ikafanya Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1993 Marekani ikaomba radhi rasmi kwa yale mapinduzi.

"1993?" dada wa Masaka akaruka. "Mwaka huo ndio Kabaka wetu wa Buganda alitawazwa!" Akahesabu kwa vidole. "Sisi tukarudishiwa mfalme, ninyi mkapewa barua."

Nilidhani Anti atakasirika. Alisema hajawahi kuisikia ikielezwa kwa ufupi hivyo.

Kuna neno lake moja lililonikaa. Akitaja California au Las Vegas, anasema "bara". Sisi watu wa kisiwa cha Mombasa tukishavuka Mariakani tunasema tumefika bara, tunafunga na sweta, tunaanza kuwaambia watu wa huko kwamba wali wao hauna nazi. Sikujua kuna watu wengine duniani wenye bara lao. Wahawaii wa asili wanaoishi bara, kwa sensa ya Marekani ya 2020, ni wengi kuliko waliobaki visiwani, na Las Vegas wenyewe wanaiita kisiwa cha tisa, baada ya vile vinane vikubwa. Ndiyo maana hula imesafiri nao. Anti alijifunza nusu ya nyimbo zake kwenye gereji ya mtu huko California, magari yametolewa nje. Mimi taarab nimeifundisha binti zangu jikoni Old Kampala, na majirani wakidhani tunagombana.

Chakula nacho kipo, mume wangu atafurahi. Jumamosi ya mwisho kila mtu huleta sahani. Anti alituahidi kalo. Waganda wakashangilia, wakaja na mchuzi wa karanga, maana kalo hapa ni ugali wa wimbi. Kumbe kalo ya kwao ni majimbi, mayuni ya hapa, aliyoyachemsha na kuyaponda mpaka yakawa uji mzito wa zambarau. Unaitwa poi. Kwa mchuzi wa karanga ulikwenda vizuri sana. Bila mchuzi, nisiseme.

Hoteli sasa, kwa sababu ndiyo mnayoiulizia. Hoteli moja ya kando ya ziwa ilitualika kwenye "usiku wa Hawaii", tiketi 120,000 na chakula ndani yake. Kama mlinunua tiketi ile, poleni. Chakula kilikuwa kuku wa kila siku aliyewekewa nanasi. Anti alikubali kwa sharti la sketi zetu wenyewe, lakini tulipofika tukakuta kwenye kiti sketi za plastiki za kijani, kumi na moja, zimepangwa na vifuu vya nazi vya kufunga kifuani. Anti akazikunja moja moja, akazirudisha ndani ya boksi, akamwomba meneja alitie mahali salama zisije zikapotea. Meneja akasema mmepewa dakika kumi na mbili.

Mimi mbele ya wanaume sichezi. Nilibaki ukumbini, kwenye mlango wa jikoni, pini mdomoni na uzi begani, nikiwasubiri waingie. Wenzangu na Anti walikuwa nje kwenye veranda, ziwa nyuma yao. Wakaanza ule wimbo wa mlangoni. DJ hakuelewa, akapunguza muziki wake nusu tu. Wageni waligeuka, wakatazama, wakarudi kwenye sahani zao. Wimbo ukaisha. Kimya. Wakaimba mara ya pili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba anayejibu siku zote ni Anti, na Anti yuko nje pamoja nao, na ndani hapana mtu anayejua kama anaombwa kitu.

Jibu lao la kuimba silijui. Nikatema pini mkononi nikaita, "Karibuni!" kwa sauti ile ya kuita mtu chumba cha tatu. Wahudumu wawili wa Kikongo waliokuwa wamebeba trei wakageuka, wakacheka, nao wakaitikia, "Karibuni! Karibuni ndani!" Na mpishi nyuma yangu.

Wakaingia, Anti mbele, ukanda wa olubugo kiunoni, kibuyu kikipiga dum, te, te. Kwenye ʻami ya kwanza lastiki ya juu ya dada wa Masaka ilikatika. Niliiona kabla yeye hajaisikia. Zilibaki tatu.